Stamena Rančić, Aliyepika Bila Kuonja

Zamani katika kijiji cha Suvi Dren nyumba ilitambulika kwa harufu ya siki yake. Siku hizi inatambulika kwa ukubwa wa kufuli lake. Nyumba ya marehemu Stamena Rančić ndiyo ilikuwa ya mwisho kunuka siki, na tangu jana nayo imetiwa kufuli, kwa sababu hata huku juu, ambako wamebaki watu kumi na mmoja na mbwa watatu, inasemekana kuna wezi. Hakuna aliyeeleza watakuja kuiba nini.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Novemba 1930 katika kitongoji cha Jasenje, upande wa pili wa mlima, akiwa mtoto wa tano wa Ćira na Perunika Stankov. Mama yake alikuwa amekwenda kuchuma matunda ya waridi pori, ambayo huchumwa baada ya baridi ya kwanza kuyang'ata, na uchungu ukamshikia huko huko vichakani. Alirudi na mtoto kwenye aproni na matunda kwenye kikapu. Mama mkwe wake alimpokea mlangoni, akatazama aproni, akatazama kikapu, akasema, "Hiki cha pili hakijajaa." Stamena aliisimulia habari hiyo maisha yake yote, wala hakuona ubaya wowote ndani yake. Ndivyo watu walivyokuwa.

Shule ya Jasenje ilimfundisha miaka minne tu, kuanzia Septemba 1937 hadi Aprili 1941, vita vilipofika, mwalimu akachukuliwa na hakurudi. Alijua kusoma, kuandika jina lake na kuhesabu hadi mia. Alisema hakuwahi kuhitaji zaidi ya mia, maana hata mitufaha pori aliyoifahamu mlimani ilikuwa tisini na minne, na kila mmoja aliujua kwa ladha yake. Shule ile ilikuwa na watoto sitini. Leo ndani ya darasa lile umeota mti wa plamu pori, nao unazaa vizuri sana, ila hakuna wa kuuchuma.

Mwaka 1950 ulikuwa mwaka wa ukame. Mahindi yalikauka yakiwa marefu kama goti. Stamena, msichana wa miaka ishirini, alikausha mapeasi pori kwenye tanuri la mkate, akayasaga, akauchanganya unga wake na ule mdogo wa mahindi uliokuwapo, na nyumba yao haikuzika mtu majira yale. Habari ikavuka mlima. Mjane mmoja wa Suvi Dren, Todora Rančić, aliisikia, akavaa kilemba chake cha sikukuu, akaenda kumposea mwanawe Vitomir. Walipomwambia kwamba binti mwenyewe si mzuri wa sura, alijibu, "Sura inachakaa. Mimi nataka mtu atakayejua la kufanya mahindi yakikauka." Wakaoana tarehe 14 Oktoba 1951. Katika nyumba hiyo alimkuta pia mdogo wake Vitomir, Radisav, kijana wa miaka ishirini na miwili, ambaye hakuoa kamwe na ambaye mkono wake ndio ulioandika maneno haya.

Kazi ya marehemu ilikuwa kulisha watu. Kwenye karatasi za serikali waliandika kwamba hana kazi. Huyo asiye na kazi aliamka kabla ya kuku kwa miaka sitini na minane. Mwezi wa Mei alipika mboga ya majani machanga ya upupu, ambayo yakichemka hayawashi tena, na maziwa ya kondoo, akaitia uchachu wa plamu mbichi. Mwezi wa Agosti zilikuja dreni, vile vitunda vyekundu vya kokwa ndefu vilivyokipa kijiji jina lake. Alizichemsha bila sukari siku nzima, akazipitisha kwenye chekecheo la nywele za farasi, mpaka zikawa uji mzito mwekundu ambao mgonjwa hulamba na mzima huiba. Mwezi wa Oktoba ilikuwa zamu ya matufaha pori. Hayo hayaliwi, humkunja mtu uso mpaka ukafanana na ngumi. Lakini yeye aliyalaza kwenye nyasi kavu wiki tatu yatoe jasho, akayaponda kwenye hori la mti, akayatia ndani ya pipa la mwaloni pamoja na maji ya chemchemi, na kufikia majira ya kuchipua nyumba ilikuwa na siki ya kuitosha mwaka mzima. Mapeasi yalilala kwenye makapi mpaka yakawa ya kahawia na laini. Matunda ya mwiba mweusi alisubiri yapigwe na baridi mara mbili. "Baridi ya kwanza inayakosea adabu," alikuwa akisema, "ya pili inayaomba radhi." Matawi ya juu hakuyagusa. Yalikuwa ya ndege na ya mpita njia.

Mkija siku hizi na jemu zenu za dukani, zinazotetemeka kwenye kijiko kama mtu mwenye homa, msiseme mmekula matunda.

Mungu aliwapa Stamena na Vitomir watoto wawili. Dragutin alizaliwa tarehe 20 Januari 1953, Rumena tarehe 2 Juni 1954. Rumena alifariki tarehe 11 Februari 1958 kwa dondakoo. Theluji ilikuwa juu ya madirisha, na njia ya kwenda bondeni ilifunguka siku ya tatu baada ya mazishi. Alikuwa mtoto wa kujaza mashavu kwa chakula na kukitunza humo, kama mnyama anayejiwekea akiba. Babake mdogo Radisav alikuwa akimbonyeza shavu na kumuuliza, "Humo mna nini leo?" naye alikuwa akijibu, "Mna kesho."

Siku ya arobaini baada ya kifo, Todora alimwita mkwewe jikoni, akamwambia jambo ambalo kila mwanamke wa huku amekuwa akiambiwa na aliyemtangulia. Kwamba tarehe 12 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Petro, kule waliko watoto waliokufa hugawiwa matufaha. Wanapanga mstari. Mtoto ambaye mama yake alijizuia, asionje tufaha la mwaka ule kabla ya siku hiyo, hupewa lake. Ambaye mama yake alionja huambiwa, "Lako amekula mama yako," na kupitwa.

"Hata moja?" Stamena aliuliza.

"Hata ulimi wa kijiko," alisema Todora. "Mimi nina wawili huko. Mwaka wa thelathini na nne nilikuwa na mimba, nikatamani tufaha nusura nile mti wenyewe. Sikula."

"Na siki je?"

Wanawake walilijadili hilo wiki nzima. Wakakubaliana kwamba siki ni ya matufaha ya mwaka uliopita, ambayo yalikwisha kugawiwa, kwa hiyo haina neno. Padri alipoulizwa alisema hakuna jambo kama hilo katika vitabu. Todora akamjibu, "Ndiyo maana tunalikumbuka sisi."

Basi kuanzia mwaka huo, kila yalipofika majira ya matunda mabichi, Stamena aliipikia familia bila kuonja. Hakuwa na uhakika nani amechovya kijiko gani wapi, kwa hiyo chungu chochote ambacho huenda kiliguswa na tufaha hakukionja kabisa. Mpishi asiyeonja ni kama mshonaji anayeshona amefumba macho. Alihitaji ulimi wa mtu mwingine. Mumewe hakufaa.

"Vitomir ameunguza mdomo kwa tumbaku," alisema. "Hajui chumvi na mchanga."

"Nalijua jiwe," alisema Vitomir. "Nilimeza moja kwenye maharage yako Jumanne."

"Na ulilisifu."

Kazi ikamwangukia Radisav. Alikuwa uani, au kwenye zizi, au amejificha na gazeti, ndipo sauti ikatoka jikoni: "Radisav! Lete ulimi!" Naye aliupeleka. Alionja, akafumba macho, akasema, "Chumvi kidogo," au, "Acha, imekaa," na Stamena akamwamini, akawapakulia watu tisa mezani kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijua kina ladha gani. Miaka minane mfululizo. Kwa watu wa nje lilikuwa jambo la kuchekesha. Kwa Radisav lilikuwa heshima kubwa kuliko nyingine yoyote aliyowahi kupewa, lakini wakati ule hakujua.

Wakati ule alijua mambo mengine. Alikuwa na darasa nne kama shemeji yake, lakini alijifundisha mwenyewe, kwanza kwenye magazeti yaliyobandikwa ukutani kuzuia upepo, halafu kwenye vitabu vya chumba cha kusomea cha kijiji, ambacho hatimaye alikabidhiwa funguo zake. Alikuwa amesoma juu ya nyota, damu na chimbuko la mwanadamu. Majira ya kuchipua ya mwaka 1966 alitoa hotuba kuhusu sayansi na ushirikina mbele ya watu saba na jiko la kuni. Walimpigia makofi. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hana mwalimu wa kumwambia aketi.

Mwaka huo pipa la siki liliachia kitako mwezi wa Mei, na siki yote ikanywewa na sakafu ya udongo. Wiki hiyo hiyo baridi iliyochelewa ikaua maua ya plamu mlima mzima. Mitufaha pori, ambayo huchanua nyuma ya mingine, ikanusurika. Kwa hiyo Juni yote hapakuwa na kitu cha kuchachusha chakula isipokuwa matufaha mabichi, na mfyekaji nyasi asiyepata supu chachu kwenye jua lile hamalizi siku. Stamena aliwapikia wafyekaji kila siku. Yeye alikula mkate na kitunguu. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana kwenye gauni lake, na siku moja Radisav alimwona akiyumba, reki mkononi, akaishika kama mtu anayeshika uzio.

Tarehe 8 Julai Radisav alichuma matufaha pori nyuma ya zizi, akayakuna kwenye bati lililotobolewa, akayakamua kwenye kitambaa cha jibini. Akapeleka maji yake jikoni ndani ya jagi.

"Nini hiki?" aliuliza Stamena.

"Maji ya plamu mbichi. Nimeshuka mpaka mtoni. Kule chini baridi haikuua maua."

"Mpaka mtoni? Na fyekeo umemwachia nani?"

"Utapika au utanihoji?"

"Plamu kweli, shemeji?"

"Kwani lini nimekudanganya?"

Hakuwa amewahi. Stamena akatia maji yale kwenye supu ya matumbo ya mwanakondoo, akachovya kijiko na, kwa mara ya kwanza tangu Mei, akaonja mwenyewe chungu chake. Alifumba macho. Walipoketi kwenye nyasi pamoja na wafyekaji wanane, alikula bakuli moja, akajiongezea la pili, rangi ikamrudia usoni, akamtania Vitomir kwamba anafyeka kama anayechana ndevu za padri. Wote wakacheka.

Ndipo Radisav aliposimama. Amejiambia mara nyingi kwamba alifanya kwa huruma. Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba alitaka kushinda, na kushinda mbele ya watu.

"Shemeji," alisema, "hayo uliyokula ni matufaha. Bakuli mbili! Haya, tazameni wote: mbingu imeanguka? Yuko mzima kuliko asubuhi!"

Mfyekaji mmoja alicheka, akajikuta peke yake, akaacha. Stamena alikuwa ameshika kijiko. Alikiweka chini juu ya nyasi, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Leo tarehe ngapi?" aliuliza.

"Ya nane," alisema Vitomir, bila kumtazama ndugu yake.

Akahesabu kwa vidole. "Siku nne," alisema. "Radisav, zilikuwa zimebaki siku nne tu."

"Lakini si unaona uko mzima!"

"Sikuwa nikijiogopea mimi," alisema Stamena. Akakusanya mabakuli, akaenda kuyaosha.

Siku mbili baadaye Radisav alikuwa nyuma ya uzio wa jirani yao Živana, akinoa fyekeo, aliposikia sauti ya shemeji yake upande wa pili. Živana alikuwa amempoteza mtoto wa kiume, Mladen, aliyezama kwenye bwawa la kinu.

"Živana, nina ombi. Ukinicheka nitaelewa."

"Sema, mwenzangu. Ni nani anayecheka katika nyumba hii?"

"Mladen wako ni mkubwa kuliko wangu, sivyo?"

"Angekuwa na kumi na tano."

"Mwambie akipewa tufaha lake, alikate mara mbili. Wangu mwaka huu hana. Nimelila mimi."

Jiwe la kunolea lilikuwa limesimama mkononi mwa Radisav.

"Alikuwa mchoyo, Mladen," alisema Živana mwishowe. "Hata ganda la mkate alikuwa hagawi. Lakini nitamwambia. Nitamfokea."

Tarehe 12 Julai wanawake walikwenda makaburini na vikapu, kama kila mwaka, wakawagawia matufaha watoto walio hai kwa ajili ya wasiokuwapo. Stamena aligawa yake yote kwa watoto wa wengine. Kaburi la Rumena liliachwa tupu. Juu ya kaburi la Mladen palikuwa na tufaha moja, limekatwa katikati kwa kisu, vipande viwili vimewekwa kando kwa kando.

Stamena hakumtukana Radisav siku ile wala siku nyingine. Alimpakulia wa kwanza kama zamani. Alimfulia mashati, akamkanda mgongo kwa siki ulipomshika. Lakini hakumwita tena aonje. Mwaka uliofuata, Juni ilipofika, Radisav alizungukazunguka mlangoni pa jiko kama mbwa aliyepigwa, na sauti ilipotoka ilimpita juu ya kichwa, ikaenda barabarani: "Ewe wa posta! Hebu njoo uonje hapa!" Alionja wa posta. Mwaka mwingine alionja fundi wa paa ambaye hawakuwahi hata kujuana jina. Mwaka mwingine mtoto wa Živana wa kufuatia, aliyekuwa na mafua. Radisav alikula vilivyoonjwa na pua iliyoziba, na hakuthubutu kusema kwamba chumvi imezidi.

Mara moja tu alizungumza. Ilikuwa tarehe 5 Machi 1991, siku walipomzika Vitomir, wakati wachimbaji walipokuwa wanafuta majembe.

"Shemeji, unisamehe lile."

"Mimi nilikusamehe siku ile ile, Radisav," alisema. "Lakini aliyenyimwa si mimi."

Radisav hajawahi kuamini kwamba kuna mstari wa watoto, wala hata leo haamini. Lakini ameelewa, akiwa amechelewa sana, kwamba unaweza kumwibia mtu kitu ambacho unaapa hakipo. Alikuwa na vitabu mia tatu, na hakuna hata kimoja kilichomweleza hilo.

Kwa hiyo msimsikie akilalamika kwamba desturi zimekufa, mkadhani anawalaumu nyinyi peke yenu mliokuja jana na magari. Nyinyi mliziacha kwa sababu mlikuwa na haraka. Yeye aliichukua moja mikononi mwa mwenyewe, akaivunja mbele ya watu wanane, akasubiri makofi.

Watu wakaanza kuondoka. Dragutin alikwenda Vienna mwaka 1974 kujenga nyumba za watu wengine. Chumba cha kusomea kilifungwa. Panya walimaliza elimu yao. Živana alizikwa mwaka 2003. Magoti ya Stamena yalipokataa mlima, Radisav ndiye aliyekwenda na vikapu. Alirudi na matufaha, Stamena akalishika moja, akalinusa, akasema, "Hili ni la mti wa kwenye mwamba. Bado upo?" Au, "Huu uliopigwa na radi umezaa?" Katika ile tisini na minne, leo imesimama thelathini na mmoja. Radisav ameihesabu. Siki ya mwisho waliitengeneza vuli ya 2017, pipa moja dogo, yeye akiponda na marehemu akielekeza kutoka kwenye kiti. Mwaka uliofuata mikono ya Radisav haikuweza tena kuushika mchi.

Tarehe 14 Aprili mwaka huu marehemu alianguka jikoni na kuvunjika nyonga. Alilazwa mjini wiki tatu, akarudishwa nyumbani bila kuweza kusimama. Mwezi wa Juni mapafu yakajaa maji. Mkwewe Milunka alikuja kutoka Vienna kumuuguza, na akamuuguza vizuri, hilo lisemwe. Tarehe 7 Julai mchana gari la wagonjwa lilimchukua tena. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 9 Julai 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na minane.

Ameacha mwana, Dragutin, na mkewe Milunka. Wajukuu wawili, Jovica na Sanela. Kitukuu mmoja, Leon, wa miezi tisa, ambaye hakuwahi kumwona. Na shemeji mmoja. Alitanguliwa na mumewe Vitomir na binti yake Rumena. Keshokutwa ni sikukuu ya Mtakatifu Petro, na mwaka huu hatalazimika kumtuma mtu. Udongo wa Suvi Dren umlalie mwepesi, na mkono wa mtoto usirudi mtupu.

Radisav alimwona kwa mara ya mwisho Jumapili ile, kabla gari halijafika. Stamena alikuwa hajala kwa siku tatu. Muuguzi aliyekuja asubuhi alisema ale chochote, kijiko kimoja, viwili, la sivyo hatafika popote. Milunka akafungua chupa moja ya chakula cha kitukuu, kati ya zile alizokuja nazo kutoka Vienna, akakipasha moto, akakimimina kwenye kibakuli.

"Mama, kula. Ni karoti na boga tu."

Stamena alikitazama kibakuli. Halafu macho yake yakampita Milunka, yakamtafuta mzee aliyekuwa kwenye kiti karibu na mlango.

"Radisav," alisema, na sauti haikuwa na nguvu ya kutoka hata nje ya mto wa kulalia. "Lete ulimi."

Ilikuwa miaka hamsini na mitatu. Alisimama, akakosea hatua, akafika. Milunka akampa kijiko. Radisav alionja, akafumba macho kama zamani. Karoti ilitangulia. Boga likafuata. Kisha nyuma kabisa, kwenye kingo za ulimi, lilikuwapo tufaha. Si la mlimani, bali lile tamu la shambani lisilo na nguvu, limetiwa humo ili mtoto asiteme. Akakiacha kinywani muda mrefu. Nyuma ya kichwa cha mgonjwa Milunka alikuwa anatikisa kidole na kusema kwa midomo bila sauti: hamna, sema hamna. Kijiko kimoja, viwili. Zilikuwa zimebaki siku tano.

"Limo, shemeji," alisema Radisav.

Milunka akageukia dirishani. "Baba mdogo," alisema, "hukuweza kunyamaza?"

Stamena hakumsikia, au alimsikia. Alikuwa anamtazama Radisav.

"Basi kula wewe," alisema. "Chakula hakimwagwi."

Radisav akavuta kiti mpaka kitandani, akaketi, akala mbele yake, kijiko baada ya kijiko, mpaka mwisho. Alipomaliza alikiinamisha kibakuli ili Stamena auone utupu wake, naye akatikisa kichwa kukubali.